Kukata mtutu wa raifo ili ifungwe kiwambo cha sauti: maswali ninayoulizwa kila mara hapa Tanga

Nilianza kazi kwenye karakana ya shamba la mkonge, nikikereza shafti za korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge, mpaka vidole vikazoea chuma. Baadaye nikaingia porini, Handeni na Kilindi, kama traka, yaani mfuata nyayo, wa wageni wanaowinda kwa vibali. Sasa nina kibanda Ngamiani, natengeneza pampu za maji. Bunduki sitengenezi, maana sina leseni ya ufundi wa silaha. Ila kwa kuwa chuma nakijua na nimesimama kando ya mitutu mingi kuliko inavyofaa, vijana wa kambi, madereva na wazee wenye raifo za kulindia mashamba hunipigia simu. Maswali yao ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika hapa mara moja, nipumue.

Wageni siku hizi wanakuja na raifo fupi yenye kopo mbele. Hilo kopo ni nini?

Ni kiwambo cha kuzuia sauti. Wengine wanakiita sailensa, na hawajakosea, kwa sababu kinafanya kazi ileile ya sailensa ya bodaboda. Baruti ikiungua ndani ya bunduki inatoa gesi ya moto yenye mgandamizo mkubwa. Risasi ikitoka kwenye mdomo wa mtutu, gesi ile inafumuka nyuma yake ghafla, na huo mfumuko ndio mlio. Kiwambo ni silinda yenye vyumba vilivyotenganishwa na visahani vyenye tundu katikati. Risasi inapita kwenye matundu, gesi inakwama chumba hadi chumba, inapoa, inatoka kwa adabu.

Aliyekipatia hati ya ubunifu ni Mmarekani, Hiram Percy Maxim, mwaka 1909. Huyohuyo alitengeneza pia sailensa za injini, kwa hiyo undugu wa kiwambo na bodaboda si wa kubuni. Na baba yake, Hiram Maxim, ndiye aliyeunda bunduki ya rashasha ya Maxim. Sisi watu wa Tanga tuna habari nayo: rashasha za aina hiyo ndizo Wajerumani walizowapokelea Waingereza hapa Novemba 1914. Wazee wetu husimulia zaidi nyuki waliowatimua askari siku ile, lakini rashasha nazo zilikuwepo. Baba akaipa dunia kelele, mwana akaja kuipunguza.

Sawa, kifungwe basi. Kwa nini mtutu ukatwe?

Urefu tu. Chukua raifo ya kawaida ya kuwindia yenye mtutu wa inchi 24, yaani sentimita 61. Ongeza kiwambo cha sentimita 18. Umepata sentimita 79 kwa jumla, na nusu kilo hivi ya uzito imening'inia mwisho kabisa, mahali inapochosha mkono kuliko popote. Jaribu kushuka na kitu hicho kwenye Land Cruiser, au kupita nacho vichaka vya miiba vya kwetu. Kila tawi linakusalimia.

Mtutu ukipunguzwa hadi inchi 18 au 20, ukaongeza kiwambo, unarudi karibu na urefu wa mwanzo. Hiyo ndiyo hesabu yote. Kuna sababu ya pili ambayo wengi hawaitaji: mitutu mingi ni myembamba mwishoni na inanenepa kadiri inavyorudi nyuma kwenye chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa. Kiwambo kinashikwa na hesi, mifereji ya kuzungusha kama ya skrubu, zinazochongwa kwenye mdomo wa mtutu, na ukichonga hesi kwenye chuma chembamba unabakiwa na ukuta wa kutia shaka. Ukirudi nyuma inchi chache unapata nyama ya kutosha.

Vipo pia viwambo vinavyorudi nyuma na kuuvaa mtutu kama soksi, sehemu ndogo tu ikitokeza mbele. Mwenye kiwambo cha namna hiyo mara nyingi hana haja ya kukata kitu.

Babu, mtutu ukikatwa risasi si inapoteza nguvu?

Inapoteza, lakini si kama mnavyosimuliana kwenye kahawa. Kwa raifo ya .308 (namba hiyo ni unene wa risasi kwa inchi), kila inchi inayoondoka inachukua takriban mita 5 hadi 10 za mwendo kwa sekunde. Tuseme risasi ya gramu 9.7 ilikuwa inatoka kwa mita 860 kwa sekunde kwenye mtutu wa inchi 24. Umekata inchi sita, sasa inatoka kwa mita 800. Nguvu yake imeshuka kutoka juli 3,590 hivi hadi 3,100, kama asilimia 13. Ukiilenga upya kwenye mita 100, basi kwenye mita 200, urefu wa viwanja viwili vya mpira vya Mkwakwani, itaanguka chini kwa sentimita mbili au tatu zaidi ya zamani. Darubini inarekebishwa, na mnyama wa mita 100 hatajua tofauti.

Risasi za magnamu ni habari nyingine. Zimejazwa baruti nyingi inayotaka mtutu mrefu ili kazi yake ifanyike ndani. Ukiukata, unanunua risasi ya bei kubwa halafu unaichomea nje kama fataki za mwaka mpya: mwanga mkubwa, mlio mkubwa, mwendo umebaki wa risasi ya kawaida. Mwenye magnamu anayetaka mtutu mfupi namshauri anunue raifo ya risasi ndogo, abaki na hela ya mafuta.

Na shabaha haiharibiki?

Kwa sababu ya ufupi, hapana. Mtutu unatetemeka risasi inapopita ndani yake, na fimbo fupi hutetemeka kidogo kuliko fimbo ndefu, kwa hiyo mtutu mfupi ni mkakamavu zaidi. Shabaha inaharibiwa na kazi mbovu ya fundi. Nitalirudia hili chini, kwa sababu lina kisa chake.

Jambo moja la kukumbuka: ukifunga kiwambo, risasi haigongi palepale ilipogonga bila kiwambo. Umetundika uzito mwisho wa mtutu, hata mtikisiko umebadilika. Ilenge upya kikiwa kimefungwa, kisha usicheze kukitoa na kukirudisha katikati ya safari.

Bunduki inakuwa kimya kabisa, kama kwenye filamu?

Filamu zinawadanganya. Raifo ya kuwindia bila kiwambo hupiga desibeli 155 hadi 170 karibu na mdomo. Kiwambo kizuri kinaondoa 20 hadi 35. Inayobaki bado ni sauti ambayo jirani atatoka nje kuiulizia.

Tena kuna mlio wa pili ambao kiwambo hakiugusi hata kidogo. Sauti, kwenye joto letu, inakwenda karibu mita 350 kwa sekunde, na risasi inakwenda zaidi ya mara mbili ya hapo. Chochote kinachoitangulia sauti kinapasua hewa kwa mlio kama wa mjeledi, na mlio huo unafuatana na risasi njia nzima. Mnyama anausikia. Anachoshindwa ni kujua ulianzia wapi, ndiyo maana mara nyingine anasimama kidogo akishangaa badala ya kukimbia moja kwa moja.

Sasa faida yake ni nini, kama kelele bado ipo?

Hili ndilo swali ninalotaka kuulizwa, na ndilo linaloulizwa kwa nadra.

Faida ni masikio. Mlio wa ghafla unaozidi desibeli 140 unaweza kuliumiza sikio kwa mara moja tu, bila kusubiri miaka. Raifo ya desibeli 165 ikipunguziwa 30 inashuka hadi 135. Kwenye karatasi inaonekana tofauti ndogo, lakini desibeli hazihesabiwi kama kilo za sukari: kupungua kwa 30 maana yake mgandamizo wa sauti unaogonga ngoma ya sikio umeshuka zaidi ya mara 30.

Tufikirie basi ni sikio la nani. Mgeni ana vizuia sauti vya masikioni vya kisasa, vya betri, vinavyomruhusu asikie mnong'ono na kuziba mlio. Mwindaji bingwa naye ana vyake. Traka ana kofia. Na traka hasimami nyuma ya bunduki. Amechuchumaa mbele kidogo, upande, ameshika ile miti mitatu ya kuegemeza raifo au ananyoosha kidole kumwonyesha mgeni mnyama alipo. Mlio wa bunduki ni mkali zaidi mbele na ubavuni mwa mdomo kuliko nyuma ya kitako. Yaani anayepiga ndiye anayepata mlio mdogo, na asiyepiga anapata ule mkubwa.

Sikio langu la kulia linalia tangu siku moja ya Septemba, miaka mingi sasa. Mgeni alipiga pofu juu ya bega langu kabla sijainama. Sikusikia mlio, nilisikia kama mlango wa chuma umefungwa ndani ya kichwa, kisha nyenje. Hao nyenje wapo mpaka leo; usiku nikilalia upande wa kushoto nawasikia wao tu, adhana ya alfajiri inanipita. Mke wangu ananigusa mguu.

Hapa ndipo penye mtego wa mtutu mfupi. Ukikata mtutu halafu usifunge kiwambo, umeleta mdomo wa bunduki karibu zaidi na masikio ya kila mtu, na gesi inatoka ikiwa na mgandamizo mkubwa kuliko zamani. Ni mbaya kuliko raifo ndefu. Nimeona watu wamekata kwanza wakisema kiwambo kitafuata hela ikipatikana. Hela haikupatikana. Wamebaki na raifo fupi inayopiga kama radi, na traka wao anaulizwa kitu mara tatu ndipo ajibu.

Kukata chuma ni kukata chuma. Nikitumia msumeno wa mkono kuna ubaya gani?

Mzee mmoja aliniletea raifo ya .30-06 imefungwa ndani ya kanga. Ilikatwa kwenye karakana ya kuchomelea mageti. Alilalamika kwamba tangu siku hiyo haigongi kitu. Alinionyesha ubao aliopigia kwa hatua hamsini: matundu yamesambaa kama mtoto alirusha kokoto.

Sikuishika. Nilimwambia aigeuze mwenyewe, nikamulika mdomo kwa tochi ya simu. Mkato ulikuwa umelala upande, na ukingoni palining'inia kinyuzi cha chuma, kidogo kuliko punje ya mchele. Basi. Hicho kinyuzi na huo mlalo ndivyo vilivyomharibia. Sehemu ya mwisho ya mtutu inayoigusa risasi ni ukingo wa mdomo. Ukingo ukiwa sawa pande zote, gesi inatoka pande zote kwa pamoja na kuisukuma risasi kwa haki. Ukiwa na upande mmoja mfupi, gesi inachungulia upande huo kwanza, inapiga kitako cha risasi na kuipinda ikiwa ndiyo kwanza inaanza safari. Kwa hatua hamsini kosa hilo linaonekana, kwa mia mbili limeshakuwa mnyama aliyejeruhiwa tumboni na usiku mzima wa kufuata damu.

Nilimwambia airudishe kwa mwenye leseni na aanzie polisi. Aliniona nimemgeuka. Alikunja kanga yake akaondoka bila kuaga.

Na hesi zikichongwa vibaya?

Hapo hatari inahama kutoka shabaha kwenda kwenye mikono. Tundu la kila kisahani ndani ya kiwambo ni kubwa kidogo tu kuliko risasi. Hesi zikikaa upande hata kwa kiasi usichokiona kwa jicho, kosa dogo kwenye mdomo wa mtutu linakuwa kubwa sentimita 18 mbele, na risasi inagonga kisahani.

Tena si lazima fundi awe mbaya. Kambini Kilindi tulikuwa na mgeni mwenye vifaa vya kwao, kazi safi, hesi zinang'aa. Siku ya tatu risasi zake zikaanza kwenda kushoto. Kiwambo kilikuwa kimelegea kwa joto na mitikisiko ya gari, nusu mzunguko tu. Tulikitoa kikiwa bado cha moto, mimi kwa kukosa subira nikakishika kwa kiganja, alama ninayo. Tulipokiinamisha kwenye jua, tundu la kisahani cha mwisho lilikuwa na mfereji upande mmoja, umepakwa rangi ya shaba kutoka kwenye gamba la shaba linaloifunika risasi yenyewe. Risasi moja au mbili zaidi na kingepasuka, pengine. Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kutoka niliwaomba wageni wakaze kiwambo mbele yangu. Wengine walicheka. Walikaza.

Fundi wa kweli hufuata mhimili wa tundu la ndani la mtutu, si wa ngozi ya nje, kwa sababu viwili hivyo havilingani sikuzote. Anayekwambia atapima kwa nje tu, chukua bunduki yako uende. Muulize pia kama amesoma maelezo ya kiwanda cha kiwambo: watengenezaji hutaja urefu wa chini wa mtutu kwa kila aina ya risasi, kwa kuwa mtutu ukizidi ufupi, kisahani cha kwanza kinapigwa na gesi kali kuliko kilivyojengewa.

Kuna bunduki ambayo haifai kukatwa kabisa?

Raifo ya mitutu miwili, ile ya kizamani ya kuzuia nyati na tembo. Mitutu yake imeunganishwa kiwandani kwa kujaribu na kurekebisha, mpaka risasi za pande zote mbili zikutane mahali pamoja. Ukiikata, mapatano hayo yamevunjika, na bunduki ya thamani ya nyumba imekuwa pambo la ukutani.

Shotigani nayo usiiguse. Mitutu mingi ya shotigani imebanwa kidogo mwishoni ili marisau yasitawanyike mapema, na ukikata unaondoa kibano hicho. Isitoshe shotigani iliyokatwa inajulikana ni zana ya nani, na hakuna askari atakayesikiliza hadithi yako ya kanga na ngedere.

Kisha zile .375, ambazo ndizo wanazoanzia watu wanaokwenda kwa nyati. Ni risasi iliyotoka 1912 na haijazeeka. Mtutu wake ni mnene, kukatika unakatika vizuri, ila mara nyingi ina kilengeo cha chuma mbele, na ukikata unakwenda nacho. Nyati aliyejeruhiwa akitoka kichakani kwa hatua kumi, hakuna mwenye muda wa kutafuta darubini. Kilengeo kirudishwe mahali pake na mtu anayejua.

Sheria yetu inasemaje?

Silaha za raia zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Leseni unayopewa ni ya bunduki ile, kwa namba ile, kwa mtu yule. Kuwa na leseni ya raifo si ruhusa ya kuikata, wala ya kukaa na kiwambo ndani ya kabati. Anza polisi, ofisi inayoshughulikia leseni yako, ukiwa na kitabu chako mkononi, na jibu ulipate kwa maandishi kabla chuma hakijaguswa. Kazi yenyewe ni ya fundi mwenye leseni ya silaha. Karakana ya mageti haimo, na kibanda changu hakimo.

Ukiwa kazini na wageni, karatasi za bunduki zao hushughulikiwa na kampuni kabla hawajapanda ndege, na kiwambo kitajwe humohumo kisije kuwa mshangao kwenye ukaguzi. Uwindaji wenyewe uko chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na maafisa wa TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, wana haki ya kuangalia kila ulichobeba. Kiwambo kina jina baya porini. Ukikutwa nacho bila karatasi, neno la kwanza utakalosikia ni jangili.

Na kwa wale wanaoniuliza kuhusu Saadani: ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Huko hakuna cha mtutu mrefu wala mfupi.

Mbona wenzetu Ulaya wananunua dukani?

Kila nchi na yake. Norway na New Zealand mwindaji hununua kiwambo kama anavyonunua buti, na wengi huona ni utovu wa adabu kupigia watu kelele bila sababu. Marekani walikibana kwa sheria ya 1934, na raifo yenye mtutu chini ya inchi 16 inahesabiwa kundi lake maalumu, kwa hiyo huko hata kipimo cha kukata kina mpaka wake. Uingereza, mtutu uliochongwa hesi hurudishwa kwenye nyumba ya majaribio, kama ile ya Birmingham iliyokuwepo tangu 1813, ukapigwa risasi ya mgandamizo wa ziada na kugongwa muhuri kabla haujauzwa. Hilo la muhuri ndilo ninalowaonea wivu.

Kiwambo kinatunzwaje kwenye hewa yetu ya chumvi?

Kitoe kila jioni. Gesi ya baruti inaacha masizi na unyevu ndani, na ukikiacha kimefungwa, unyevu ule unarudi kwenye mtutu usiku kucha. Bara wanaweza kuvumilia siku mbili tatu. Sisi wa pwani, ukikisahau kuanzia Ijumaa, Jumatatu unakuta mdomo wa mtutu umeota rangi ya chai. Kiache kipoe, kitoe, kisimamishe wima kikauke, pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo kwenye mtutu na kwenye hesi. Kofia ya kufunika hesi usiipoteze, maana hesi zilizogongwa ndizo zinazoleta kiwambo cha kukaa upande.

Nikishakata nikajuta?

Unanunua mtutu mpya.

Wewe ingekuwa raifo ni yako, ungekata?

Ya .308 ya kuwindia vichakani, yenye vibali vyote, na kiwambo kikiwa tayari mezani: ndiyo, inchi nne, na ningelala usingizi. Kiwambo kikiwa bado ni ahadi, hapana. Ningechukua hela ya fundi nikanunue vizuia sauti vya masikioni jozi tatu, moja ya traka, moja ya mbeba maji, moja ya yule askari wa wanyamapori anayetembea nyuma yetu bila kusema kitu.

Nikikuletea kibandani, nikaongeza kidogo, si utanikatia tu?

Hapana. Pampu lete.